Bakuli Lililorudi Tupu

Mama Shukuru,

Nakusalimu kutoka Katuba, kwa shangazi. Asubuhi baridi, mchana vumbi jekundu mpaka kwenye chai, na mimi nimeshapatanisha watu bila kukusudia.

Shangazi na jirani yake, Mama Ngoy, wamenuniana tangu mvua za mwaka juzi kwa sababu ya mfereji wa maji. Hawasalimiani. Lakini kuna bakuli la bluu ambalo kila mara linaachwa juu ya ukuta, limefunikwa kitambaa. Huyu akiweka sombe, kile kisamvu chao, yule atalirudisha na karanga. Hata uliyegombana naye humrudishii chombo kitupu.

Juzi nikalikuta jikoni. Nikaliosha, nikalikausha vizuri, nikampelekea mwenyewe Mama Ngoy mkononi. Nilijiona mgeni wa maana sana.

Alichungulia ndani, akaduwaa. Punde si punde akaingia kwa shangazi na mfuko wa unga kichwani.

"Mama, kuko mugonjwa mu nyumba? Ao kuko kilio?"

Shangazi akanitazama. "Hapana, mama. Huyu njo mugeni wetu. Kwao habakumufundisha."

Walicheka mpaka wakatafuta pa kukaa. Sasa kila jioni wanakunywa chai pamoja, na mazungumzo yao ni malezi yangu.

Wasalimie watoto, nimewakumbuka wote, wewe zaidi. Lile bakuli la Mama Asha lililoko kabatini kwetu usiliguse. Ukichoka kununiana naye, ngoja nifike nilirudishe mimi.

Baba Shukuru