Katika Hadithi Yangu, Aliyekufa Ni Mimi

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa chumba cha kupigia pasi, naomba msaada wako na naomba unijibu kabla ya mwisho wa mwezi maana kuna karatasi natakiwa kuisaini. Mimi ni mpiga pasi kwa dobi, mume wangu ni fundi friji, tuna watoto wawili na tunaishi na mama yangu. Vita vilipofika mtaani kwetu nilikuwa na miaka kumi na tano na dada yangu kumi na tisa, akapigwa risasi kwenye foleni ya maji, tukamzika uani kwa jirani kwa sababu uani kwetu palikuwa na sakafu ya saruji, na siku mbili baadaye tukatoroka, na kwenye kizuizi askari walikuwa wanarudisha kila asiye na kitambulisho na mimi sikuwa nimefikia umri wa kupewa, mama akanitia mkononi kitambulisho cha dada akasema, "Kuanzia hapa wewe ndiye yeye. Usikosee."

Sikukosea. Ni miaka ishirini na mbili sasa. Nimeolewa kwa jina lake, kila mwaka watoto wananiimbia siku yake ya kuzaliwa na mimi nakata keki, na kwa karatasi nina miaka arobaini na mmoja wakati nina thelathini na saba. Mama hajateleza hata mara moja, hata tukiwa wawili tu jikoni.

Mwaka huu jarida la wanawake likatangaza shindano la hadithi za kweli, vita kama wanawake walivyoviishi, nikaandika kwenye daftari wakati pasi inapata moto, jinsi tulivyofulia maji tuliyooshea mchele, jinsi tulivyosukana nywele chini ya meza huku madirisha yanatikisika, na nilipofika kwenye foleni ya maji nikakwama, maana mwandishi ni dada, kwa hiyo aliyekufa ikabidi niwe mimi. Nikajiua kwa aya moja na nusu. Hadithi imeshinda na inaingia kwenye kitabu cha washindi. Mhariri alinipigia akasema alilia kwenye kifo changu, nikamwambia pole. Sasa anataka picha, jina, na saini kwamba kila nilichoandika ni kweli.

Juzi mume wangu aliisoma mezani, akavua miwani akasema, "Natamani ningemjua huyo mdogo wako." Nikamwongezea chai. Mshauri, nisaini au niache?

JIBU

Mama wa pasi, pole. Pole hiyo imetoka moyoni, sasa tuongee.

Usisaini. Pale kizuizini ulikuwa mtoto, na mama yako alikuokoa kwa kilichokuwa mkononi, hapo sina neno. Lakini mumeo hakuwa askari. Alikuuliza jina kwa nia njema, ukampa la marehemu, na miaka yote hukupata nafasi ya kumrekebisha? Juzi mtu kavua miwani anakulilia wewe, wewe unamimina chai. Hapo umenikera.

Na hiyo hadithi. Watu wanakusoma kwa sababu unajua mchele ulioshwa wapi na maji yake yakaenda wapi. Ukiwadanganya kuhusu maiti, nani atakuamini kuhusu maji? Dada yako alikufa akiwa na kiu kwenye foleni, na hata kifo chake umempokonya. Mrudishie.

Mwambie mumeo wiki hii, mchana, watoto wakiwa shule. Usianze na vita, anza na jina. Akinuna, mwache anune, ana haki hiyo. Mama yako umjulishe, usimwombe ruhusa. Binti mmoja alimzika uani, wa pili alimzika mdomoni, naye kachoka kuliko unavyodhani. Mhariri umpigie mwenyewe umwambie ile aya na nusu unaiandika upya. Karatasi za serikali ni kazi ya wakili, zipo ofisi za msaada wa sheria; ole wako uende peke yako kujieleza dirishani kwa afisa wa vitambulisho. Halafu uniandikie, maana umeniharibia usingizi.

BARUA YA PILI, IMEFIKA BAADA YA WIKI TANO

Mshauri, nimefanya kama ulivyosema. Wakili amesema itachukua muda lakini si jela. Mhariri amenipa mwezi mmoja, na aya na nusu imekuwa kurasa nne. Mama alisikiliza, akaniambia nimwandike dada vizuri, kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango, tukamsikia analia mpaka jioni, na kesho yake akaamka akafua mapazia yote.

Mume wangu aliniuliza swali moja tu, jina langu ni nani, nikamtajia. Hakusema nami siku tatu. Siku ya nne nilikuwa ndani nakunja nguo, nikamsikia uani anaita mtu, akaita tena, akaita mara ya tatu. Niliendelea kukunja. Mpaka alipokuja kusimama mlangoni ndipo nilipojua ni mimi ninayeitwa.