Kiti cha Mzee wa Jumamosi

Jumamosi, 16 Oktoba 2021. Mount Druitt. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kuanika nguo. Mwili umechoka, roho inaruka kamba.

Limeuzwa!

Wacha niandike tena, maana hakuna wa kunizuia kwenye blogu yangu mwenyewe: limeuzwa, limeuzwa, limeuzwa. Lile gari jekundu la Kimarekani la mwaka 1968, lililoninyima usingizi tangu Julai, leo limetoka getini likinguruma, na dereva wake amekalia kiti nilichokishona mimi, Njeri, binti wa fundi viti wa Nakuru. Aliyesema haliuziki na aje aseme sasa.

Kwa wale mnaosoma hapa mara ya kwanza, nieleze kidogo. Kwa miaka minane nimekuwa nikihudumia wazee kwenye makao ya wazee huku magharibi mwa Sydney. Kuosha, kulisha, kuinua, kulaza. Ni kazi ninayoipenda, ila mgongo wangu hauipendi. Na mikono yangu ilizoea sindano kabla ya kitu kingine chochote. Baba alikuwa na kibanda cha kushona viti vya malori, na mimi nilijua kukata sponji kabla sijajua kukata kitunguu.

Mwaka jana, wageni walipokatazwa kuingia makaoni kwa ajili ya korona, familia zikawa zinawasalimia wazee wao kupitia dirishani. Kulikuwa na bibi mmoja Mlebanoni aliyekuja na kiti chake kutoka nyumbani. Kiti chenyewe kilikuwa kimebonyea katikati hadi kikawa kinammeza, na kila akitaka kusimama tulihitajika wawili wa kumvuta. Nikaomba ruhusa, nikakifumua, nikaweka sponji ngumu ukingoni, nikakishona upya siku yangu ya mapumziko. Jumapili iliyofuata mwanawe alikuja dirishani akamwona mamake anasimama peke yake kumpungia mkono. Akauliza ni nani aliyetengeneza kile kiti.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Fadi, ambaye sasa ni bosi wangu. Ana gereji Bankstown. Anaagiza magari ya zamani kutoka Marekani, yale ambayo wenyewe wanayaita magari ya misuli: boneti ndefu, milango miwili, sauti ya kuamsha mtaa mzima. Yanashushwa bandarini Port Botany yakiwa na kutu ndani ya kontena, na kwake yanatoka yaking'aa. Kwa nje gari linabaki mzee yule yule wa 1968, usukani ukiwa bado upande wa kushoto. Kwa ndani ni kijana: injini mpya, breki mpya, kiyoyozi, usukani mwepesi hata unaugeuza kwa kidole kimoja. Halafu analiuza.

Julai fundi wake wa viti alikwama jimbo la Queensland mipaka ya majimbo ilipofungwa. Fadi akanipigia simu. Angenijaribu kwa gari moja, akasema, na gari hilo likiuzwa, kazi ni yangu ya kudumu. Nikapunguza shifti za makaoni, nikawa nashuka Bankstown kila asubuhi kutoka kwenye treni isiyo na watu, barua ya kibali mkobani na barakoa usoni.

Sasa niungame.

Fadi alinipa picha za kiti cha asili, akaniambia nikifuate vile vile kilivyo. Sikukifuata, na sikumwambia.

Nilikuwa na sababu. Nikiwa kwenye cherehani nilikuwa nasikia wateja wakipiga simu, kwa maana Fadi huongea na spika ikiwa wazi kama yuko sokoni. Sauti zote zilikuwa za wazee! Vijana watatoa wapi pesa za gari kama lile? Wanaoyataka ni wanaume walioyatamani wakiwa na miaka kumi na tisa, wakalea watoto kwanza, wakamaliza mkopo wa nyumba, na sasa wamebadilishiwa magoti. Kile kiti cha asili kiko chini, ni laini, na kingo zake zimeinuka ubavuni. Kuingia ni raha tupu. Kutoka, utaita watu.

Basi nikakiinua kwa upana wa vidole viwili. Mbele nikaweka sponji ngumu, ile ya kukataa kubonyea. Upande wa mlango nikapunguza ukingo ili paja liteleze bila kukwama. Nikafunika kwa ngozi nyeusi, mishono miwili miwili, na kwa macho huoni tofauti yoyote. Chini ya sponji nikaandika jina langu kwa kalamu ya wino, kama Baba alivyokuwa akifanya. Nikanyamaza.

Jumatatu wiki hii tukafunguliwa baada ya miezi ya kufungiwa. Vinyozi walikuwa na foleni hadi barabarani. Jumanne mteja wa kwanza akafika gerejini, mzee mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Akaingia garini, akashika usukani, uso ukafunguka kama wa mtu aliyeitwa jina lake la utotoni. Kisha akaanza kutoka.

Na mimi nikaharibu.

Mnajua tulivyolelewa. Mzee akiinuka, kijana aliye karibu anampa mkono. Huulizi, hungoji, unaenda. Na juu ya malezi hayo nimeongeza miaka minane ya kuinua wazee kila siku. Kabla akili haijasema lolote, miguu ilikuwa imeshafika. Nikamshika kiwiko kwa mikono miwili, nikamwambia kwa Kiingereza changu kitamu cha makaoni, "Taratibu, baba, nimekushika."

Yule mzee akawa mwekundu kuliko gari. Akanishukuru kwa adabu, akaliangalia gari kama linalomdai kitu, akasema ataenda kufikiria. Hakurudi, wala hakupokea simu ya Fadi.

Kinachoniuma ni kwamba alikuwa ameshafika katikati. Alikuwa anasimama mwenyewe, kiti kinafanya kazi yake, na mimi nikaja na heshima zangu nikamwonyesha mbele ya watu kwamba ameshazeeka. Alikuja kununua miaka kumi na tisa yake, nikamkabidhi sabini na kitu.

Fadi aliponiuliza kilichotokea, nikasema kweli yote. Akaenda akakikalia kiti, akabonyeza ukingo kwa ngumi, akaelewa. Haki, sikuwahi kumwona amekasirika vile. "Nimekuambia unitengenezee kiti cha gari la misuli," akapaza sauti, "wewe umenitengenezea kiti cha mama yangu!" Nilitamani kumjibu kwamba ni hicho hicho kiti cha mamake kilichomfanya anitafute. Akasema Jumamosi anakuja mteja mwingine. Huyo naye akiondoka, anang'oa viti vyote, anaagiza vilivyo tayari kutoka Marekani, na mimi nirudi makaoni.

Nikajua unga unaelekea kumwagika.

Siku tatu sikula vizuri. Si kwamba makaoni ni kubaya. Ila nimeonja tena harufu ya ngozi na gundi, nimeonja kuitwa fundi, na nikarudi nitajua kila siku kwamba niliupata mlango nikaufunga kwa mikono yangu mwenyewe. Jana nilimpigia Mama Furaha, rafiki yangu Mkongomani tunayefanya naye kazi makaoni. Nikamlilia. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka, yule mama hana huruma. "Dada, kiti yako iko muzuri. Ni mikono ndiyo iko na makosa. Kesho utie mikono mu mifuko. Kurage!" Yaani, jipe moyo.

Leo nikavaa aproni ya turubai yenye mifuko miwili mikubwa mbele.

Mzee wa Jumamosi alikuja saa nne na binti yake. Alikuwa mfupi, mnene, mikono mipana. Kumbe alikuwa dereva wa malori ya kontena pale pale Port Botany hadi alipostaafu. Alituambia kwamba aliwahi kuliona gari kama hili likishushwa bandarini akiwa kijana, akalizunguka mara tatu, akarudi kwenye lori lake. Goti la kulia amebadilishiwa. Binti ndiye aliyetuambia hilo, tena kwa sauti ya kwamba anatushtaki. Alikuwa amekunja mikono kifuani tangu getini, na kabla babake hajagusa mlango alimuuliza swali moja: "Dad, ni nani atakuwa anakutoa humo ndani?"

Mzee akajifanya hajasikia. Akaingia.

Fadi akawasha injini. Ai, ile sauti! Inapita kwenye nyayo kabla haijafika masikioni. Mzee akafumba macho, na barakoa yake ikawa inapanda na kushuka kwa pumzi. Alikaa hivyo kama dakika tano. Kisha binti akainama mlangoni akamwambia, "Haya. Sasa toka."

Fadi akazima injini. Akaniangalia mimi, hakumwangalia mzee.

Nikatia mikono mifukoni.

Mzee akageuka, akatoa mguu wa kushoto, halafu wa kulia kwa shida kidogo. Akajisukuma. Akarudi akakaa. Mama yangu angekuwa pale angenizaba kofi, mtu mzima anahangaika na wewe umesimama kama nguzo! Kila mshipa wangu ulikuwa unasema nenda. Nikakunja ngumi humo mifukoni, nikajikaza kisabuni, nikaanza kumwambia kimoyomoyo yale tunayowafundisha wazee wetu kila asubuhi: sogea mbele, baba. Miguu nyuma kidogo. Pua ipite vidole vya miguu. Sasa.

Akasogea hadi ukingoni. Paja likateleza vizuri pale nilipopunguza. Akaweka kiganja juu ya sponji ngumu, akaegemea mbele, na sponji ikakataa kubonyea.

Akasimama.

Peke yake. Wima. Akavuta shati chini, akamtazama binti yake. Halafu, jamani, akarudi akakaa tena! Akasimama tena. Akakaa, akasimama, mara ya tatu kwa kasi, kama mtoto aliyegundua ngazi. Binti mikono ikamkunjuka yenyewe. Akawa anacheka huku anajifuta macho juu ya barakoa, akimwambia babake aache, ataliharibu gari la watu kabla hajalinunua.

Mzee akauliza kiti hiki kimetengenezwa na nani. Nikasubiri Fadi aseme ni cha kwake, gereji ni yake, angeweza. Fadi akaninyooshea kidole.

Yule mzee akaja mpaka nilipo. Siku hizi hatupeani mikono, si mnajua. Akaninyooshea kiwiko. Mimi niliyempoteza mteja Jumanne kwa kushika kiwiko, Jumamosi mteja ananipa kiwiko mwenyewe! Nikakigonga kwa changu. Akaniambia kwamba tangu wamfanyie upasuaji, kila anakoenda kuna mtu anakimbia kumshika, na leo ndiyo mara ya kwanza watu wamemwacha. Nilimwambia asante, na nikageuka kutafuta mkasi ambao sikuuhitaji.

Akaweka sahihi hapo hapo juu ya boneti. Binti akaondoka na gari lao la kawaida, naye baba akatoka getini na lile jekundu, akapiga honi mara mbili. Watu wa duka la matairi la jirani walitoka nje wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani. Mimi nilijua. Nikainama kama bibi harusi.

Fadi hajui kuomba msamaha, nimeshamzoea. Alizunguka gerejini mara mbili akigusa vitu visivyo na shida. Mwishowe akasimama mbele ya magari matatu yanayongoja, akakuna shingo, akasema, "Haya yote, Njeri. Fanya kama cha mama yangu." Kisha akaniuliza kama Jumatatu naweza kufika saa moja, maana wafanyakazi wa kudumu huanza saa moja.

Wa kudumu! Nimelirudia hilo neno kwenye treni hadi mama aliyekaa mbele yangu akahama kiti.

Nimempigia Mama Furaha. Amepiga vigelegele hadi simu ikakoroma, kisha akadai kwamba ushauri wake si wa bure, anataka sambusa. Nimewapigia makaoni pia, nikawaomba wanibakishie Jumapili moja moja. Siwezi kuwaacha kabisa wale wazee, wao ndio walionifundisha kile kiti. Halafu nikamsimulia binti yangu Imani mambo yote tangu mwanzo, kwa Kiswahili, nikiinuka na kukaa kwenye kochi kumwonyesha. Akanisikiliza na simu mkononi, akanijibu kwa kile Kiingereza chao: "Mum, you're crying over a chair." Ndiyo, mwanangu. Nalilia kiti, na nina haki.

Sasa nimekaa, chai imepoa, nimevua aproni ili niifue. Nimeingiza mkono mfukoni kutoa chaki, mkono ukatokea upande wa pili. Mifuko yote miwili imefumuka chini. Turubai nene, uzi wa kushonea viti, nimeuchana kwa ngumi nikiwa nimesimama tu pale na sikusikia chochote.

Kesho nashona mifuko. Mara mbili mbili, kwa uzi mnene zaidi, kwa sababu kuna wazee watatu wengine wanakuja.