Siku Redio Iliponyamaza Tukipura Ndengu

Mwende, mjukuu wangu,

Hapa Kibwezi tuko sawa, ila nyani wanakula mapapai kuliko sisi.

Unauliza nani atakusikiliza sasa, redio yenu ya Nairobi uliyokuwa ukitangazia ikiwa imefungwa. Nikiwa msichana, tulipura ndengu kwa fimbo tukifuata muziki wa stesheni hiyo hiyo. Siku moja betri ziliisha katikati ya wimbo, fimbo zote zikasimama. Babu yako, wakati huo kijana wa jirani mwenye sauti ya punda, akauendeleza.

"Wewe Mutua, nyamaza! Utafukuza ng'ombe!"

Nilisema hivyo, lakini fimbo yangu ndiyo iliyoanza kupiga kwanza.

Wewe una sauti nzuri, na simu unayo. Anza kutangaza nayo. Tutasikiliza, na babu yako anasema ataitikia. Pole mapema.

Ni mimi, susu wako