Spishi ya Nne Imepewa Jina la Mchumba Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada na usicheke kwanza, mimi kijana mtanashati, shule niliiachia njiani lakini kompyuta hainibabaishi, ndiyo maana shangazi, mtafiti wa konokono, alinichukua maabara kwake, kazi yangu kutoa DNA kwenye vipande vya konokono na kuilisha programu inayopima tofauti, iseme hawa spishi moja, wale nyingine, sasa yeye kwa macho alihesabu spishi tatu, programu yangu ikasema nne, na hiyo ya nne imetoka kichupa kimoja tu, basi nikavimba kichwa, shangazi akaniambia, “Mwanangu, umeigundua wewe, jina chagua wewe,” nikachagua la mchumba wangu, naye akatangazia ukoo mzima, mama yake aliyekuwa akiniita mzururaji sasa ananiita mkwe, na Ijumaa wote wanakuja kumsikiliza shangazi akiitangaza mbele ya wakubwa wake.

Sasa jana, katika kumringia mchumba, nikailinganisha DNA ile na hazina ya mtandaoni yenye DNA za viumbe chungu nzima. Jibu: binadamu. Nikarudia. Binadamu. Ndipo nikakumbuka kichupa kile nilikishika bila glavu, natafuna karanga, napiga chafya. Spishi ya nne ni mimi. Je, ninyamaze, au niseme nimkose mchumba?

Mkali wa Kompyuta

Mkali, nimecheka, nisamehe, kisha nikamhurumia shangazi yako. Programu haikukosea: uliiuliza kama wewe na konokono ni kitu kimoja, ikakataa. Shukuru, maana sifa nyingine wiki hii sikuoni ukipata. Yenyewe hupima ulichoilisha tu, chafya zako haizijui. Wale wakubwa watazijua kabla chai haijapoa, na atakayeaibika ni shangazi aliyekutoa kijiweni akakuvika koti jeupe.

Nenda kwake leo, usingoje Ijumaa. Usianze na “programu ilisema”. Anza na “shangazi, sikuvaa glavu”. Mwombe kipande kingine cha konokono yuleyule, funga mdomo, urudie kazi. Spishi zikibaki tatu, ni tatu.

Mchumba naye mwambie mwenyewe, mama mkwe akiwepo: “Kiumbe aliyepewa jina lako ni mimi.” Akicheka, muoe. Asipocheka, kazi bado unayo, ukivaa glavu.