Kwa Binamu Aliyekuwa Mrefu

Binamu Mwajuma, mrefu wa zamani,

Mimi wa darasa la nne nimeshika kalamu, kwa hiyo huko uliko anza kucheka. Ni mwaka sasa tangu tukuzike, na hapa Nkuhungu hajabaki wa kunitukana vizuri.

Unakumbuka miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikafurika mnadani? Kila suruali niliyonunua ilishonwa kwa ajili ya twiga. Nakuletea kibarazani kwenye cherehani yako, unanisimamisha kwenye mwimo wa mlango, unanipima, kisha unawatangazia wateja: "Nakata nusu, na bado atafagia." Ulinizidi kichwa kizima, na ulihakikisha mtaa wote unajua.

Kisha viungo vikaanza kuvimba. Asubuhi vidole haviwezi kushika hata uzi. Ukapata vidonge vidogo vyeupe duka la dawa, ukarudi kwenye cherehani, uso umejaa. Miaka ukavinywa bila kumwuliza mtu, nami nikakusifu umenenepa. Mjinga mimi.

Siku moja tumesimama mlangoni, naona macho yetu yako sawa. Nikachukua mkaa, nikaweka alama yako na yangu kwenye mwimo. Nimekupita upana wa kidole. Nikacheza pale pale, mzee mzima. Wewe ukasema polepole, "Hujarefuka, binamu. Mimi ndiye nimeshuka kukusalimia."

Wiki ile ile ukavunjika mkono kwa kuinua ndoo tu, nikakupeleka hospitali. Daktari akasema kinga ya mwili wako inashambulia viungo vyako mwenyewe. Ugonjwa unakula mifupa, na vile vidonge, ukijinywea tu miaka yote, vinausaidia kula. Ndiyo maana pingili za mgongo zilikuwa zinabonyea. Nikamwambia, "Daktari, huyu mgomvi tangu utoto. Akikosa wa kupiga, anajipiga." Ulicheka machozi yakikutoka. Kisha ukamwuliza swali moja: "Nitashona?"

Hakukuahidi. Alikuonya usiviache ghafla, akavipunguza kidogo kidogo, akakuongezea dawa nyingine. Kuna asubuhi uliamka mikono imejikunja kama ngumi, ukaichovya kwenye maji ya moto, ukangoja. Saa nne cherehani inalia. Nikija nakukuta mgongo umepinda, unakadiria kiuno cha mtu kwa macho na hukosei. Nimeona wanaume wenye misuli wakililia jino. Hili sikukwambia kwa sababu ungeringa: sijaona mtu mkubwa kuliko wewe.

Wanao walitaka kupaka mlango rangi. Nimekataa.

Jana nilivaa ile suruali ya kijivu, ya mwisho kunikatia. Ilikuwa inaishia sawasawa juu ya kiatu. Sasa inaburuta. Nikaenda kwako, nikajipima kwenye mwimo: nimefika kwenye alama yako.

Usinicheke, Mwajuma. Nami nashuka kukusalimia.

Ni mimi binamu yako,
mfupi wa siku zote.