Nilimkataa Ili Anibembeleze

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako maana usingizi sina na hamu ya kula sina. Mimi ni msahihishaji wa riwaya za mapenzi kwenye kampuni ya uchapaji, nazisoma zote kabla hazijaingia mtamboni, kwa hiyo mapenzi nayajua nje ndani, najua mwanamume mwenye pendo la kweli akikataliwa anakonda, anarudi mvua ikinyesha, analia mlangoni mpaka binti analegea, sasa huyu wangu ni fundi bomba, mpole, siku moja yuko chini ya sinki la mama yangu, spana mkononi, kichwa hata hakionekani, ndipo akasema, "Tuoane basi, mama tutakaa naye," nami nikaona posa gani hii ya chini ya sinki, nikamkataa, si kwamba simpendi, nampenda sana, nilitaka anibembeleze, naye akatoka, akanawa mikono, akasema, "Sawa, nimekusikia," akaenda zake na mpaka leo hata simu hapigi. Tena mama anasema huja kutengeneza bomba nikiwa kazini, yaani ananikwepa, na juzi amemfundisha mama kufunga mwenyewe koki kubwa ya kuzuia maji ya nyumba nzima kwa sababu mwisho wa mwezi anahamia mji mwingine. Je, huyu alinipenda kweli?

Msahihishaji mwenye majonzi

Wewe msahihishaji,

Pole, na hiyo pole ni ya mama yako, maana ndiye atakayebaki na koki. Wewe umejitia kitanzi mwenyewe, halafu unauliza nani kaleta kamba.

Hao wanaolia mlangoni wameandikwa na watu wenye kurasa za kujaza. Riwaya bila kikwazo haiuziki, kwa hiyo mwandishi huweka mvua, huweka shangazi mwenye roho mbaya, kisha harusi, na hapo hapo hufunga kitabu akakimbia, kwa kuwa hajui sinki likiziba baada ya harusi nani atalizibua. Wako alijua, ndiyo maana alikuwa chini yake.

Ulisema hapana, akaamini kuwa una akili timamu. Angekuja kugonga mlango kila jioni ungeniandikia kwamba unasumbuliwa. Badala yake anakuja usipokuwepo ili usione haya, na mama yako asikanyage maji jikoni. Unalipwa kuona kosa la herufi moja, dada yangu, na hili lote limekupita.

Sasa sikiliza. Acha kungoja mvua. Kesho mchana nenda karakanani kwake, na mafundi wenzake wakikucheka ni haki yao. Usilie, usizimie, usitoe maneno ya kitabuni. Mwambie, "Nilikudanganya. Nakutaka. Kama bado unataka tuoane, jibu langu ni ndiyo." Akikataa, mwamini kama alivyokuamini. Sema, "Sawa, nimekusikia," kisha urudi nyumbani, mama akuonyeshe koki iko wapi.