Hadithi ya Theluji Iliyochapwa Julai

Germantown, Jumapili jioni

Nilimkamata mkono mwanamke mwenye umri wa mama yangu, nikaubana mpaka akapiga kelele. Mimi, ninayehutubia chuoni kila wiki dhidi ya udhalimu!

Bi Ruth anaendesha kampuni ndogo ya uchapishaji ya wenyeji asilia wa hapa, waliokuwepo kabla ya Wazungu, kando ya ziwa lao. Majira ya baridi alinisimulia hadithi, nami nikairekodi. Leo nimempelekea kwa fahari jarida letu la wanafunzi ninalolihariri, lenye hadithi hiyo. Alisoma mistari miwili tu, akaanza kulichana vipande vipande.

"Hii husimuliwa theluji ikiwa imefunika ardhi! Sasa ni Julai. Nani alikuruhusu kuichapa?"

Nami nikamrukia kuokoa karatasi.

Furaha, mwenzangu wa Kikongo tuliyekwenda naye, alinivuta kwa ukosi wa shati. "Mwachilie mama wa watu! Yule mkoloni Mbelgiji aliyetupora kwetu, uliyekuwa unamlaani njia nzima, kumbe umemleta mwenyewe?"

Bi Ruth alifungua mlango, akatuelekeza nje. Laiti angenizaba kofi!

Nakala zote za jarida zimo humu chumbani mwangu, na kesho asubuhi zinatakiwa kugawiwa chuoni. Wenzangu watanivua uhariri, na watakuwa na haki. Nimechukua kisu, nakata kurasa za hadithi, nakala baada ya nakala.

Kisha naikata tahariri yangu, ile inayowalaani wezi wa hadithi.